Maji ya wali usiyamwage

Safari hii maswali karibu yote yametoka jikoni, na yote ni ya wali.

*Watoto wangu wanne wanataka wali tu, bugali hawagusi. Jirani ameniambia wali mweupe hauna kitu. Nifanyeje? (Mama, Kadutu)*

Mama, wali unashibisha na unatia nguvu, hilo usilidharau. Ila mashine iliyoufanya mweupe imeondoa pumba na kiini, na humo ndimo ilimokaa sehemu kubwa ya vitamini B1, madini ya chuma na nyuzinyuzi. Usigombane na watoto. Angalia kinachowekwa sahanini pamoja nao.

Anza na maharage. Gramu 100 za mchele mkavu zina protini gramu 7 hivi, maharage yana zaidi ya 20. Tena vinasaidiana: kilichopungua katika protini ya wali kimo kwenye maharage, na cha maharage kimo kwenye wali.

Kisha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Mimi nachukua wakavu, nawapepeta mchanga utoke, nawakaanga bila mafuta kwa moto mdogo mpaka ukimbana mmoja kwa vidole anavunjika. Natwanga vyote, vichwa na mifupa, maana kalsiamu iko mifupani. Kijiko kimoja cha unga huo nakichanganya kwenye wali wa mtoto. Mwanangu wa mwisho hawezi kula samaki anayemtazama, lakini unga huu anaumaliza. Ongeza mawese kidogo. Ule wekundu wake mwili unaugeuza kuwa vitamini A. Nawasihi, msiyachome mpaka yageuke meupe, wekundu ukienda faida hiyo nayo imekwenda.

*Napika kwa maji mengi, halafu namwaga ili wali usishikane. Kuna hasara? (Mwanafunzi, Ibanda)*

Iko, mdogo wangu. Vitamini za kundi B zinayeyuka majini, na wewe unazimwaga nje. Osha mchele mara moja au mbili, vumbi na mawe vitoke, basi. Weka maji vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha mchele, funika, na yakianza kukauka punguza makala. Hautashikana.

*Mchele wa kahawia unastahili bei yake? (Dada, Nguba)*

Ukiupata na mfuko ukiruhusu, ndiyo. Mwaka 1929 daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi aliyoianza kisiwani Java: kuku waliolishwa mchele mweupe walilegea miguu, waliopewa wenye pumba, yaani wa kahawia, wakapona. Lakini mchele huo wa kahawia unakula makala mengi kuiva, na pumba yake ina mafuta yanayochacha, kwa hiyo nunua kidogo kidogo. Kuna njia ya kati: mchele uliochemshwa ukiwa bado na maganda kabla ya kukobolewa. Punje zake zina umanjano kidogo. Sehemu ya vitamini za pumba huwa imeingia ndani ya punje, na bei yake mara nyingi haitishi.

*Nina kisukari. Ni kweli wali uliolala hauna madhara? (Baba, Bagira)*

Baba, wali ukipoa, sehemu ya wanga wake inakuwa ngumu kusagika tumboni, kwa hiyo sukari inapanda kwa kiasi kidogo zaidi. Inapanda lakini. Na wali uliolala sufuriani bila friji, umeme ukiwa hakuna, unaotesha vijidudu ambavyo sumu yake haifi hata ukiupasha moto sana. Nimeona nyumba nzima ikitapika usiku kwa ajili hiyo. Afadhali wali uwe robo ya sahani, lengalenga (mchicha) zichukue nusu, na uanze kwa kula hizo pamoja na maharage. Dawa usiipunguze bila daktari wako.

*Chai baada ya wali na maharage ina ubaya? (Mama mjamzito, Panzi)*

Inazuia chuma cha maharage kuingia damuni. Ngoja saa moja ndipo unywe. Wakati wa kula kamulia limau juu ya maharage, hilo linakisaidia kuingia.