Re: 240Z ya mzee kwenye Safari Classic, niingie?

Kaka, umeuliza kama Datsun 240Z ya marehemu mzee inaweza kuingia East African Safari Classic, yale mashindano ya magari ya zamani, hivyo hivyo ilivyo. Gari aina hiyo haina shida, ilishinda Safari Rally 1971 na 1973, ila hiyo yako imelala gereji miaka kibao. Anza chini, shokapu, springi, na bamba zito la kukinga injini, maana jiwe moja likitoboa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili yote chini na injini kwisha. Mipira ya rejeta badilisha yote hata inayoonekana mizima, mimi mmoja ulinilaza porini. Filta za kabureta beba za kutosha, vumbi la Voi halina huruma. Na msoma ramani tafuta mtu usiyegombana naye, sio shemeji 😂