Basketi: ukipewa karatasi ya takwimu usianze na pointi

Nyie mnaoanza kuandika habari za basketi, au mnaotaka kukaa ile meza ya takwimu, ngoja niwape ya kwangu kwanza maana aibu yake nimeshaila mimi. Mechi ya kwanza kabisa kuandikia ripoti nilipewa karatasi, nikakimbilia safu ya pointi kama kila mtu, nikakuta jamaa mmoja kafunga thelathini na kitu, basi ripoti nzima nikammwagia sifa, supastaa, kabeba timu, sijui nini. Timu yake ilikuwa imefungwa. Kesho yake kocha mmoja mtu mzima akaniuliza swali moja tu, "huyo wako karusha mara ngapi?" na mi jibu sina, hiyo safu sikuwa hata nimeitupia jicho.

Tangu hapo pointi naziangalia mwisho. Naanza na mitupo, mingapi karusha mingapi imeingia, halafu ile ya pointi tatu, halafu mitupo huru, ile ya bure baada ya faulo, na kabla sijafikiria chochote napiga hesabu nione karatasi yenyewe kama inasema kweli, maana karatasi nayo hukosea, imejazwa na binadamu. Hesabu yenyewe ya kitoto: mitupo yote iliyoingia, ile huru iache kwanza, zidisha mara mbili, ongeza idadi ya zile za pointi tatu zilizoingia, kila moja unaidai pointi moja tu kwasababu mbili umeshazihesabu, kisha ongeza mitupo huru iliyoingia. Kobe Bryant ile siku ya pointi 81 dhidi ya Toronto, Januari 2006, aliingiza 28 kati ya 46, humo ndani 7 zilikuwa za mbali, mitupo huru 18 kati ya 20. Haya, 56 jumlisha 7 jumlisha 18, 81 hiyo hapo. Hata zile pointi 100 za Wilt Chamberlain kwenye mechi moja mwaka 1962, enzi ambazo NBA, ligi kubwa ya Marekani, haina mstari wa pointi tatu, zinakaa, 36 mara mbili ni 72, na mitupo huru 28. Isipokaa usiandike kitu, rudi kwenye video.

Dakika nazo zikague. NBA mechi ni dakika 48 na watu watano uwanjani, kwahiyo jumla ya dakika za timu moja lazima iwe 240, kwa sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, mechi ni dakika 40 basi inakuwa 200, na kila kipindi cha muda wa ziada unaongeza 25. Plasi-mainasi, yaani timu imezidi au imezidiwa pointi ngapi mchezaji akiwa uwanjani, hivyohivyo, ukijumlisha ya timu nzima unapata tofauti ya pointi mara tano, timu ikishinda kwa 8 jumla yake ni 40. Ikitoka 37 jua kuna mtu kaingizwa uwanjani kwenye karatasi wakati yuko benchi anakunywa maji.

Sasa turudi kwa kocha. Alichokuwa ananiuliza ni kwamba zile thelathini zimeigharimu timu mipira mingapi, na hapo ile asilimia ya kawaida itakudanganya mchana kweupe. Mtu kaingiza 4 kati ya 10, zote za pointi tatu, ana pointi 12, mwenzake kaingiza 5 kati ya 10 za karibu na ring'i ana 10, ila karatasi inakuonyesha wa kwanza 40% na wa pili 50%, na mgeni atamsifia wa pili. Dawa yake kila ya pointi tatu iliyoingia ihesabu kama moja na nusu, hapo wa kwanza anakuwa 60% na ukweli unaonekana. Lakini msije mkaenda upande wa pili mkadhani kurusha za mbali ni halali siku zote. Houston Rockets mwaka 2018, mchezo wa 7 fainali ya Magharibi na Golden State, walirusha 44 za pointi tatu zikaingia 7, na humo katikati walikosa 27 mfululizo. Walifungwa 101 kwa 92. Pengo pointi 9, yaani tatu tu za mbali, katika zile 37 zilizogoma.

Na timu msizipime kwa pointi za mechi, zipimeni kwa zamu za mpira, zamu ni tangu timu inaushika mpira mpaka unakwenda kwa wapinzani. Zamu unazipata hivi, chukua mitupo yote iliyorushwa na timu ukiacha ile huru, toa ribaundi za kushambulia, yaani mipira iliyokosa wakaidaka wenyewe, kwasababu hizo zinarefusha zamu ileile, ongeza tanova, yaani mipira waliyoipoteza, halafu ongeza mitupo huru iliyorushwa mara 0.44. Hiyo 0.44 inashangaza wengi, ipo kwasababu mitupo huru mingi inakuja miwili kwa zamu moja na mingine ni ile ya nyongeza baada ya mtu kufunga huku kachezewa faulo, so huwezi kuhesabu kila mmoja kama zamu. Timu iliyofunga 120 kwa zamu 110 imeshambulia vibaya kuliko iliyofunga 105 kwa zamu 90, piga mwenyewe. Na uzuri mwingine, zamu za timu mbili lazima zikaribiane sana maana mpira unabadilishana, ukiona moja ina 98 nyingine 91, kuna tanova au ribaundi za watu zimepotea njiani.

Asisti, ile pasi inayozaa kikapu, ndo kichomi. Pointi hazina ubishi, asisti ni macho ya aliyekaa mezani. Machi 3, 1990 Hakeem Olajuwon alimaliza na pointi 29, ribaundi 18, bloku 11, yaani mitupo aliyoizuia, na asisti 9, watu wa timu yake ya Rockets wakarudia mkanda wakampata ya kumi, ikawa kumi au zaidi kwenye safu zote nne, sherehe, halafu NBA nao wakaangalia wakaifuta. Bahati yake mwisho wa mwezi huohuo dhidi ya Milwaukee alizipata za halali, pointi 18, ribaundi 16, asisti 10 na bloku 11. Ribaundi nayo ina vituko, Ricky Davis wa Cleveland mwaka 2003 alibakiza ribaundi moja afikishe kumi kwenye safu ya tatu, akarusha makusudi kwenye ring'i yake mwenyewe aidake, haikuhesabiwa, maana ule sio mtupo.

Zamani pia muwe nayo makini. NBA ilianza kuhesabu rasmi stili, yaani mipira ya kupora, na bloku msimu wa 1973-74, kwahiyo Bill Russell aliyestaafu 1969 hana bloku hata moja kwenye vitabu, sasa kuna mtu humu ndani atakuja kumlinganisha na wa leo, mwacheni tu.

Mnaokaa mezani, kaeni wawili, mmoja macho uwanjani anataja namba na tukio, mwingine anaandika na haangalii mchezo kabisa hata uwanja ukilipuka, mi hilo lilinichukua msimu mzima kulizoea. Kila mtupo uliokosa udai ribaundi yake, ya mchezaji au ya timu ukitoka nje, usiandike tukio jingine kabla hujaijua. Ukichanganyikiwa andika muda unaosoma kwenye saa ya mchezo, chora duara uendelee, utalirudia taimauti ikiitwa, ukianza kubishana na mwenzio pale pale mpira utakuwa umeshaenda na kurudi mara mbili na hamna hata mmoja wenu aliyeuona.