Vidonge vya Kupunguza Uzito na Chungu cha Mawese

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, mkazi wa Ujiji. Daktari alinianzishia orlistati ya miligramu 120, kidonge kimoja kila mlo, ili nipunguze uzito. Tangu hapo tumbo linaunguruma, hewa ikinitoka huja na mafuta ya rangi ya machungwa yanayochafua nguo, na haja kubwa ikinibana siwezi kusubiri. Chakula changu ni kilekile cha nyumbani: ugali, sombe (kisamvu) na samaki aina ya migebuka, vyote vikiungwa kwa mawese. Je, dawa inaniharibu utumbo?

JIBU: Marahaba, mama. Utumbo wako hauharibiki. Orlistati huzuia vimeng'enya vinavyovunja mafuta ya chakula, kwa hiyo karibu theluthi moja ya mafuta unayokula hayafyonzwi, bali hupita moja kwa moja hadi kwenye kinyesi. Hayo uyaonayo kwenye nguo ndiyo mafuta yenyewe, na kadiri mlo unavyokuwa na mafuta mengi ndivyo adha inavyozidi.

Kwa hiyo tuanzie kwenye chungu. Anayekula kalori 1,800 kwa siku hatakiwi kuzidisha gramu 60 za mafuta, yaani takribani 20 kwa kila mlo, na kijiko kimoja kikubwa cha mawese peke yake kina gramu 14 hivi. Ukimimina kutoka kwenye chupa kwa kukadiria kwa macho, sombe ya watu wanne inaweza kubeba mafuta ya siku nzima. Pima kwa kijiko, chemsha au choma migebuka badala ya kuikaanga, na ukumbuke kwamba karanga, chapati na maandazi navyo vina mafuta. Usijinyime mchana kutwa ili ule mafuta yote usiku, kwa maana usiku huo hutalala.

Mlo usio na mafuta kabisa hauhitaji kidonge. Lakini kuacha kidonge makusudi kwa sababu kuna karamu, jambo ambalo wengi hulifanya, ni kuikimbia adha na kuuacha uzito palepale.

Dawa hii hupunguza pia ufyonzwaji wa vitamini A, D, E na K, pamoja na beta-karotini, kirutubisho kilekile kinachoyapa mawese sifa yake. Meza multivitamini wakati wa kulala, angalau saa mbili baada ya kidonge cha mwisho. Kama unatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), dawa ya tezi ya shingo au ARV, mwambie daktari wako mapema, na ukiharisha sana usitegemee vidonge vya uzazi wa mpango peke yake.

Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ukipata maumivu makali chini ya mbavu za kulia, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo.