Jibu la swali la wiki: Pambizo lisilotupwa

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza hivi: "Je, kamusi elezo inayoandikwa na watu wa kujitolea wanaobishana kila siku inafaa kuaminiwa na wanafunzi wetu?" Ninajibu nikiwa mtu anayelipwa kwa kazi inayokaribiana na hiyo. Kwa miaka 19 nimekuwa msomaji wa prufu, yaani nakala za majaribio zinazosahihishwa kabla kitabu hakijachapwa, katika kiwanda kimoja cha uchapaji hapa Nairobi, na usiku, watoto wakishalala, huhariri Wikipedia ya Kiswahili bila malipo yoyote. Ubishi huo ndio unaonifanya niiamini kamusi elezo hii pale ninapoiamini; makala ninayoyaogopa ni yale ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyabishia.

Kitabu hufika dukani kikiwa kimenyooka kama nguo iliyotoka kupigwa pasi, na msomaji hudhani kiliandikwa hivyo tangu mwanzo. Sisi tulio nyuma ya mashine tunajua jinsi pambizo za prufu zinavyojaa wino mwekundu: mwandishi anashikilia neno lake, mhariri anamkatalia, nami nauliza swali katikati yao. Kitabu kikishachapwa, karatasi zile huuzwa kwa kilo. Nimewahi kununua njugu sokoni Muthurwa zikiwa zimefungwa kwa ukurasa niliousahihisha mwenyewe. Katika Wikipedia pambizo halitupwi. Kila makala yana historia inayoonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi, na yana ukurasa wa majadiliano ambapo wahariri huulizana sababu, kila mmoja akitia sahihi chini ya maneno yake.

Nitoe mfano ambao mimi ndiye niliyekosea. Miaka michache iliyopita niliandika kwamba wakazi wa Kibera, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, wanazidi milioni moja, nikataja kitabu fulani cha jiografia kuwa ushahidi. Asubuhi nikakuta sentensi yangu imeondolewa na mahali pake pamewekwa 170,070, idadi iliyotolewa na sensa ya mwaka 2009. Nikairudisha yangu. Mhariri mwenzangu akaiondoa. Nikairudisha tena, safari hii nikiacha maneno makali kidogo kwenye muhtasari wa mabadiliko. Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni inayomkataza mhariri kutengua kazi ya wenzake zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24, nami nilikuwa naielekea kanuni hiyo mbiombio. Mwenzangu, badala ya kuitengua mara nyingine, alihamia ukurasa wa majadiliano na kuandika mstari mmoja: "Ndugu, kitabu chako kimeitoa wapi hiyo milioni?"

Nilikivuta kitabu rafuni ili nimnyamazishe, na nilipofungua ukurasa ule nikakumbuka. Prufu za kitabu hicho nilizisoma mimi. Kando ya sentensi ileile niliandika kwa kalamu nyekundu, "Chanzo?", na mwandishi akanijibu kwa penseli, "Inajulikana." Nilikuwa na kurasa 60 za kumaliza kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo nikaiacha ipite. Swali langu liliuzwa kwa kilo pamoja na karatasi, jibu lake likabaki kitabuni, na miaka kadhaa baadaye nikalinukuu kana kwamba ni ushahidi.

Niliyaeleza hayo palepale kwenye majadiliano, na namshukuru yule bwana au bibi, kwa maana sikumfahamu, kwamba hakunicheka. Ubishi haukuishia hapo. Mhariri wa tatu, aliyejitambulisha kuwa mkazi wa Laini Saba, kijiji kimojawapo cha Kibera, aliuliza swali ambalo sote wawili hatukuwa tumelifikiria: Kibera ipi iliyohesabiwa? Je, Kianda, Gatwekera, Lindi, Makina na vijiji vingine vyote vimo ndani ya mpaka huo, au mpaka wa sensa ni mmoja na ule wa watu wanaoishi pale ni mwingine? Baada ya siku tisa tulikubaliana kuandika idadi ya sensa na mwaka wake, kisha kueleza kwamba makadirio mengine yamekuwa yakifika milioni moja, tukitaja kila kadirio limetoka kwa nani. Ni sentensi ndefu isiyopendeza masikioni, na ingekuwa kazini ningeikata vipande viwili, lakini mwanafunzi anayeisoma anajua kwamba nambari ina mtu aliyeitoa.

Wapo watakaosema kazi hii waachiwe wataalamu peke yao. Jambo hilo lilijaribiwa. Kabla ya kuanzisha Wikipedia Januari 2001, Jimmy Wales na Larry Sanger walikuwa na Nupedia, kamusi elezo ya wataalamu ambayo makala yake yalipaswa kupita hatua saba za ukaguzi. Ilipofungwa mwaka 2003, makala yaliyokuwa yamepitishwa hayakufika 30. Mimi ninayekula kwa ukaguzi nasema hivyo kwa huzuni.

Sikatai kwamba ubishi mwingine huchosha. Sisi tuliosoma Kenya tulifundishwa kuandika tarakilishi, ilhali wenzetu wengi wa Tanzania huandika kompyuta, na nimeona watu wazima wakitumia jioni nzima kwa neno hilo moja kana kwamba wanagawana shamba. Hata Waingereza na Wamarekani hawajambo: Wikipedia yao ilichukua miaka mingi ya mabishano kabla ya kubadilisha jina la mji mkuu wa Ukraine kutoka Kiev kuwa Kyiv, mnamo Septemba 2020. Nawaonea huruma waliokuwepo tangu mwanzo wa mjadala ule.

Kinachonitia hofu zaidi ni ukimya. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na wanaoihariri mara kwa mara ni wachache mno wakilinganishwa na mamilioni ya wanaozungumza lugha hii. Mkutano wa dunia wa watu hawa, Wikimania, ulifanyika hapahapa Nairobi Agosti 2025, lakini makala mengi ya Kiswahili bado ni yale tunayoyaita mbegu: mistari miwili au mitatu, na ukurasa wa majadiliano mtupu. Mwalimu anayetaka kujua kama makala yanafaa darasani na afungue ukurasa huo kwanza. Akikuta watu wamekwaruzana kwa hoja na vyanzo, awape wanafunzi wasome makala pamoja na mkwaruzano wenyewe. Akikuta hakuna neno, atembee polepole.

Lipo jambo moja ambalo sijaridhika nalo. Kanuni inataka kila dai liwe na chanzo kilichochapishwa, nami najua jinsi vitu vinavyochapwa. Jina la Kibera, kwa mfano, linatokana na neno la Kinubi, lugha ya Wanubi waishio pale, Kibra, lenye maana ya msitu, na eneo bunge lililoanza kuchagua mbunge wake mwaka 2013 linaitwa Kibra. Wazee wa Kinubi wanaweza kueleza mengi zaidi kuhusu jina hilo, lakini neno la mzee barazani halina nambari ya ukurasa. Mwezi Machi niliuliza kwenye majadiliano kama makala ya Kibera yahamishiwe jina la Kibra, na nikatoa sababu zangu nne. Mpaka ninapoandika barua hii hakuna aliyejibu. Ikiwa yupo msomaji wenu wa Makina anayeona nimekosea, namwomba aingie anipinge.

Msomaji wa prufu,
Nairobi