Jibu: Bila kompyuta unaweza kugundua kitu angani?

Mkuu, umeuliza kama mtu asiye mwanafalaki wa kulipwa, tena bila kompyuta, anaweza kugundua kitu angani. Anaweza. Mchukue Robert Evans, mchungaji wa kanisa wa Australia. Mwaka 1981 alianza kunasa supanova, yaani nyota zinazolipuka, kwa darubini ya inchi 10 nyumbani kwake, na mwishowe akafikisha takriban 40 kwa kuchungulia tu kwenye darubini.

Silaha yake ilikuwa kichwa. Alikariri sura za mamia ya galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, pamoja na nyota zinazoonekana jirani nazo, akawa anaruka moja hadi nyingine bila ramani. Kikizuka kinukta kigeni, anakijua papo hapo. (Mimi hata namba za simu zinanishinda!)

Siku hizi darubini zinazojiendesha zinawahi kunasa karibu supanova zote, kwa hiyo anza na nyota zinazobadilika mwanga.