Maswali ya Wasomaji: Wazo Limenipitia Kichwani, Je, Nimekwisha Kutenda Dhambi?

Barua nyingi tunazoletewa kuhusu tamaa za mwili zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mpaka kati ya jaribu na dhambi uko wapi? Tumechagua sita. Majina ya walioandika tumeyaacha makusudi.

Mimi ni mwanakwaya. Katikati ya ibada picha ya mwanamke hunijia kichwani bila mimi kuitafuta. Yesu alisema atazamaye mwanamke kwa kumtamani amekwisha kuzini naye moyoni. Ina maana nazini nikiwa kanisani?

Hapana, ndugu. Kinachokupata ni jaribu, na jaribu si dhambi. Waebrania 4:15 yasema Yesu alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Kama kujaribiwa kwenyewe kungekuwa dhambi, mstari huo ungejipinga.

Sasa rudi Mathayo 5:28 uisome polepole. Anayehukumiwa pale ni mtu anayetazama ili atamani, aliyelipeleka jicho huko na kulibakiza huko kwa nia hiyo. Kuona si kutazama. Kutambua kwamba mtu ni mzuri si kumtamani.

Yakobo 1:14-15 anaipanga safari nzima: mtu huvutwa na kudanganywa na tamaa yake, tamaa huchukua mimba, kisha huzaa dhambi, nayo dhambi ikikomaa huzaa mauti. Mtakatifu Augustino aliitaja hatua kwa hatua: kwanza ushawishi, kisha kuufurahia, kisha kuridhia. Katika karne ya 4, mmonaki Evagrius Ponticus aliyeishi jangwani Misri aliorodhesha mawazo 8 yanayomshambulia mwanadamu, uasherati ukiwa mojawapo. Alifundisha kwamba mawazo hayo kutujia au kutotujia hakuko mikononi mwetu. Kilicho mikononi mwetu ni kuyaacha yakae au kutoyaacha.

Angalia kwa karibu linavyotokea. Picha inaingia. Kwa sekunde chache hujajua hata kwamba unaiwaza. Halafu unashtuka: "Kumbe nawaza hivi." Hapo ndipo penye njia panda. Ukirudi kwenye wimbo, umejaribiwa na umeshinda, hata kama picha itarudi mara kumi kabla ya ubeti kwisha. Lakini ukisema "ngoja kidogo", ukaanza kuiongezea mahali, maneno na kitakachofuata, sasa mtunzi ni wewe. Hiyo ndiyo ridhaa, na hapo hakuna wa kumsingizia.

Haki yako pia kujua kwamba makanisa hayasemi neno moja juu ya ule mvuto wa kwanza. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Katoliki, mwaka 1546, ulifundisha kwamba tamaa inayobaki ndani ya mbatizwa inatokana na dhambi na inaelekeza kwenye dhambi, ila yenyewe si dhambi kwa maana kamili. Ungamo la Augsburg la Walutheri, la 1530, linasema upotovu huo wa kuzaliwa nao ni dhambi kweli, na Vifungu 39 vya Waanglikana vinaelekea huko huko. Tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo Mlutheri hafundishwi kukata tamaa kwa sababu ya mvuto huo. Anafundishwa kwamba umefunikwa na msamaha wa Kristo. Na wote wanakubaliana kwamba kuukaribisha na kuulea ni kosa la kutubia.

Kama kuwaza na kutenda ni kitu kimoja mbele za Mungu, na nimekwisha kuwaza, si afadhali nitende tu?

Huu ni uongo wa hatari, na umewaangusha wengi. Yesu hakuupunguza uzito wa kitendo. Aliufunua mzizi wake ili ung'olewe mapema. Kusema mzizi ni mbaya si kusema mzizi na mti mzima ni sawa.

Soma 2 Samweli 11 huku ukihesabu milango. Daudi anatembea juu ya dari jioni, anamwona mwanamke akioga. Angeweza kuingia ndani. Anatuma mtu kuuliza ni nani. Anajibiwa kwamba ni Bathsheba, mke wa Uria. Angeweza kuishia hapo. Anatuma wajumbe wamlete. Mimba inapotokea, anajaribu kumtumia Uria kuificha, na ikishindikana anaamuru awekwe mbele kwenye mapigano makali. Kama Daudi angegeuka pale darini akiwa tayari ametamani, angekuwa na dhambi ya moyoni ya kutubia. Lakini Bathsheba asingeburutwa kwenye jambo la mfalme, na Uria angerudi nyumbani akiwa hai. Kila hatua inaongeza mtu wa kuumia. Kwa hiyo umewaza? Tubu hapo ulipo, na usiende mbele hata hatua moja.

Nikiomba "Bwana niondolee wazo hili", ndiyo kwanza linaganda. Naomba nusu saa na bado lipo. Nakosea wapi?

Unakosea pale unapoligeuza wazo kuwa mada ya maombi. Nusu saa unamwambia Mungu habari za picha ile, na nusu saa nzima unaitazama. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe kwa dakika tano, na wapige kengele kila akiwajia. Kengele ziliendelea kulia, na baadaye, waliporuhusiwa kumuwaza, walimuwaza zaidi kuliko wale ambao hawakuzuiwa mwanzo. Akili iliyopewa kazi ya kulinda mlango dhidi ya kitu fulani lazima iendelee kukikumbuka kitu hicho.

Fanya hivi. Litambue wazo kwa neno moja, "tamaa", bila kulichambua. Omba sala ya pumzi moja: "Bwana Yesu, nihurumie." Kisha upe mwili kazi nyingine: simama, toka chumbani, osha vyombo, mpigie mtu simu. Paulo anamwambia Timotheo azikimbie tamaa za ujanani na afuate haki, imani, upendo na amani pamoja na wale wamwitao Bwana kwa moyo safi (2 Timotheo 2:22). Angalia: kuna pa kukimbilia, na kuna watu wa kukimbia nao. Baada ya hapo usirudi kuchungulia kama wazo limeondoka. Kuchungulia huko ndiko kunakoliita.

Kama wazo lina sura ya mtu unayemjua, mwombee mtu huyo neno moja la kweli: afya yake, masomo yake, ndoa yake. Tamaa humfanya mtu kuwa mwili tu. Sala humrudishia utu wake. Ila kama kumwombea kunairefusha picha, acha na upite.

Kazi kubwa zaidi iko kabla ya jaribu. Chunguza saa zako za udhaifu. Kwa wengi ni uchovu, upweke, hasira iliyomezwa, na usiku kitandani na simu. Anayeangukia picha za ngono mara nyingi hakuanza kwa kuzitafuta. Alifungua simu bila shughuli, akapitisha picha za watu, kidole kikasimama kwenye moja, akafungua ukurasa wa mwenye picha, na robo saa baadaye yuko mahali alipoapa hatarudi. Pa kupigania ni pale alipofungua simu bila shughuli; pale mwisho nguvu zimekwisha. Simu ichajiwe nje ya chumba cha kulala, na ununue saa ya kengele ili usiwe na kisingizio. Weka programu ya kuzuia kurasa hizo, na nywila aiweke mtu mwingine. Ukiijua wewe, kizuizi hicho hakina kazi.

Tafuta pia mtu mmoja wa kumwambia, wa jinsia yako, aliyekomaa kiimani na asiye na domo. Mpange siku moja ya kila wiki. Asikuulize "hali ya kiroho vipi?", kwa sababu utamjibu "nzuri". Akuulize: ilikuwa lini, wapi, na nini kilitangulia? Baada ya wiki chache mtaona mpangilio, na mtajua pa kuziba.

Na ukianguka, tubu saa ile ile (1 Yohana 1:9). Ile sauti ya "siku imekwisha kuharibika, endelea tu" ndiyo inayogeuza anguko moja kuwa wiki nzima.

Mume wangu anasema wanawake wakivaa vibaya ndio wanaomtia dhambini. Kweli?

Dada, Yesu alipolisema neno lile, mstari unaofuata haukumgeukia mwanamke. Alisema: jicho *lako* la kuume likikukosesha, ling'oe. Ayubu naye alifanya agano na macho yake mwenyewe (Ayubu 31:1). Kiasi katika mavazi kinafundishwa kwenye Biblia na kina nafasi yake, lakini si hoja ya kumwondolea mtazamaji wajibu. Mwanamume anayengoja wanawake wabadilike ndipo awe na moyo safi hatakuwa nao kamwe. Mwambie kwa upole, na siyo mbele ya watoto.

Ndoto chafu usiku ni dhambi? Na kumtamani mke wangu mwenyewe?

Aliyelala hana uhuru wa kuamua, na pasipo ridhaa hakuna dhambi. Ndivyo alivyofundisha Thoma wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa Katoliki. Kinachoweza kuwa kosa ni ulichokilea mchana kikakufuata usiku. Ukiamka, usiirudie ndoto akilini. Amka, nawa, sali kidogo, lala.

Kumtamani mke wako si dhambi. Mithali 5:18-19 inakuhimiza umfurahie. Kosa ni kumtumia bila kumjali, au kuwa naye huku unamuwaza mwingine.

Naungama kila wiki, wakati mwingine mara mbili, makosa yale yale ya mawazo. Nikitoka najiuliza kama nilieleza vizuri, narudi tena. Sina amani. Nimepotea?

Hujapotea. Dalili unazozieleza zinajulikana siku nyingi: ni wasiwasi wa dhamiri. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, ameandika kanuni juu yake, na yeye mwenyewe uliwahi kumtesa vikali.

Kwa mafundisho ya Katoliki, dhambi ya mauti inahitaji mambo matatu kwa pamoja: jambo zito, ufahamu kamili na ridhaa kamili. Mtu anayelichukia wazo, anayelitetemekea na kulikimbia, ridhaa hiyo kamili ataitoa wapi? Chagua muungamishi mmoja, au mchungaji mmoja kama si Mkatoliki, na umtii. Akikuambia usirudie dhambi uliyokwisha kuungama, usiirudie, hata ukiwashwa na shaka. Shaka itapanda, itakaa, kisha itashuka yenyewe usipoilisha. Kila unapokimbilia kuungama upya ili utulie unaifundisha irudi.

Kama mawazo yanakula saa nzima au zaidi ya siku yako, yanakuzuia kazi au usingizi, au yanakulazimisha kurudia sala hadi "itoke sawasawa", nenda pia kwa daktari wa akili au mwanasaikolojia. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa mawazo ya kujirudia na matendo ya lazima, nao una tiba: mazungumzo ya kitaalamu yanayokuzoesha kuivumilia shaka bila kuijibu, na dawa panapohitajika. Mweleze daktari kwamba mawazo yenyewe yanahusu dhambi. Wengi huficha hapo kwa aibu, wakaishia kutibiwa usingizi tu. Na mpe muungamishi wako ruhusa ya kuzungumza na daktari juu ya mpango wa tiba, nje ya siri ya kitubio, ili mmoja asikuambie "rudia" na mwingine "acha".