Panga linanolewa, linachongwa au linatiwa makali?

Swali: Ninafundisha vijana kazi ya bustani hapa Bukavu na ninawaandikia maelezo ya kutunza vyombo. Wengine husema "kuchonga panga", wengine "kunoa", wengine "kutia makali". Na jiwe lenyewe ni "jiwe la kunoa", "jiwe la kunolea" au kinoo? Niandike lipi?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa kazi ya jiwe andika kunoa. Kunoa ni kusugua chuma juu ya jiwe mpaka ukingo wake uwe mwembamba. Kuchonga ni kuondoa vipande ili kitu kipate umbo: tunachonga mpini wa jembe, tunachonga penseli. Kijana mgeni wa kazi akiambiwa achonge panga, atakwangua chuma kingi bure.

Kutia makali hutaja matokeo, si njia. Panga hutiwa makali kwa tupa, kwa cherehe (jiwe la kunolea linalozungushwa) au kwa kinoo. Lenye mapengo hupigwa tupa kwanza (ndivyo tusemavyo, kupiga tupa) mpaka mapengo yaishe, ndipo linolewe. Kwa cherehe waonye: chuma kikipata moto hadi kugeuka buluu, kimeshalainika, na makali hayatakaa.

Jiwe ni kinoo, wingi vinoo. "Binoo" ni matamshi yetu ya mtaani, lakini katika maandishi weka vi-. "Jiwe la kunolea" nalo ni sahihi kabisa, kwa kuwa umbo hilo la kitenzi, kunolea, huonyesha kifaa, sawa na sufuria ya kupikia au mkasi wa kupogolea. "Jiwe la kunoa" linaeleweka, ila nisingeliandika. Na si kila jiwe gumu ni kinoo. Mawe ya lava yaliyojaa Goma yana matundu, nayo hukwaruza makali badala ya kuyanoa.

Kwa mkasi wa kupogolea, ule wa jani moja linalokata na jingine linaloshikilia tawi, utahitaji maneno mawili zaidi: mshazari, yaani upande ulioinama kuelekea makali, na bapa, upande wake ulio sawa. Unaweza kuandika hivi:

"Lowesha kinoo cha maji kwa dakika 10. Laza mshazari juu yake, pembe ya nyuzi 20 hadi 25, usukume makali yakitangulia. Pembe isiyumbe, ikiyumba, ukingo unakuwa mviringo na mkasi unatafuna tawi. Papasa bapa polepole kuelekea nje: ukigusa ukingo mdogo wa chuma uliojikunja, imetosha. Geuza jani, laza bapa lote juu ya upande laini wa kinoo, pitisha mara moja au mbili uuondoe."

Hapo kwenye bapa andika "pitisha", usiandike "noa". Kijana akilinoa bapa kwa kuliinamisha, patabaki nafasi kati ya majani mawili, na tawi litajipenyeza humo bila kukatika.

Kuhusu upatanisho: makali, kwa maana hii, huwa katika wingi daima, hata ya kisu kimoja. Makali yameisha, makali yamerudi. "Kisu haikate" tunaisema sote nyumbani. Katika maelezo yako iwe "kisu hakikati". Kikinolewa vizuri na bado kisishike makali, andika "hakinoleki": hapo tatizo liko kwenye chuma, na kijana asiendelee kukimaliza juu ya jiwe.